Siku Hezekiah Alipoandikwa Karani

Siku ya mwisho ya majaribio yake, Hezekiah Kinyua alivaa koti jeupe la karani, akafunga vifungo vyote. Mkaguzi Mwongera alikuwa ameshuka kutoka kiwandani kuona kama kijana huyu wa kupima majani ya chai, katika kituo cha kununulia majani juu ya mji wa Runyenjes, anafaa kuandikwa kazi ya kudumu.

"Karani anayeonea watu haya hatufai," Mwongera alimwambia mapema.

Wanawake walipanga foleni, vikapu mgongoni. Mmoja akachomoka katikati akichechemea, miguu mitupu imejaa matope.

"Baba, nipimie kwanza. Nyonga inaniua leo."

Foleni ikacheka kwa upole. Wote walijua kwamba mama huyo, Wawira, alimpa mwanawe Hezekiah jina la babu yake, Kinyua, baba mzazi wa Wawira, na kwa desturi ya Waembu alimwita baba tangu akimnyonyesha.

Mwongera naye aliijua desturi hiyo. "Huyu ni mama yako?"

Hezekiah alitazama ile miguu. "Hapana, bwana. Ni kibarua wa shamba la mwalimu mmoja, Ireri. Hawa wakitaka kuruka foleni humwita baba mtu yeyote."

"Wee Kinyua!" Ednah, mchumaji aliyesimama nyuma kwenye foleni, akafoka. "Hilo koti limekukaba hadi akili?"

"Nyamaza, ama nawe urudi na majani yako!"

Akamwaga kikapu cha Wawira mezani. Kila kijiti kilikuwa na majani mawili na kichipukizi, laini, kama kiwanda kinavyotaka, vile vile mama huyo alivyomfundisha kuchuma alipokuwa mdogo. Akachakura mpaka akapata matatu yaliyokomaa, akayainua juu watu wayaone.

"Haya ni ya kulisha mbuzi. Ondoa yote."

Kibarua aliyekataliwa majani halipwi kitu, na huyabeba mwenyewe kurudi. Wawira akayazoa kwa viganja, polepole.

"Mama, unamfahamu karani?" Mwongera akauliza.

"Nilimfananisha," Wawira akasema. "Baba yangu alichimba mitaro ya wazungu maisha yake yote, na hakuwahi kumkana mtu."

Akajitwika kikapu, kamba kipajini, akaanza kupanda mlima.

Mwongera akacheka. "Wewe utafika mbali," akamwambia Hezekiah, akatia sahihi.

"Anayefuata!" Hezekiah akaita. Sauti yake haikutetemeka, na jambo hilo lilimfurahisha.