Iache Ilie

Siku ya tano tangu transfoma ya mtaa iungue, fundi alipanda nyuma ya pikipiki yake mwenyewe, akapakata sanduku la mayai, na mkewe akashika usukani. Hakuzoea kubebwa. Lakini mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumfunika jicho la kulia na sasa alilinyemelea la kushoto, na daktari alimkataza kabisa kuendesha.

Sandukuni mlikuwa na mayai ishirini na moja, ya siku ya kumi na tisa. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimefagia banda zima la mkewe, wale kuku wa kijivu wenye miguu mifupi ambao mama yake alimpa siku alipoolewa. Mayai haya tu ndiyo yaliyonusurika, kwa kuwa yalikuwa tayari ndani ya mashine ya kutotolesha. Yakifa na haya, ukoo umekwisha. Umeme ulipokatika, mkewe aliyapasha joto kwa chupa za maji moto, bila kushiba usingizi, na bado mawili yaliiva, yakatupwa. Umeme wa mtaa ulisemekana utarudi wiki ijayo. Kwa dada yake, ng'ambo ya mlima, umeme ulikuwapo na mashine ilikuwapo. Barabara ya magari ilikuwa imekatwa na mvua. Ilibaki njia ya pikipiki, mwendo wa saa mbili na zaidi katika ukungu na baridi.

"Niachie mimi," fundi alikuwa amesema, na kwa siku mbili hakuonekana nje ya karakana.

Chini ya kifuniko cha injini kuna koili zilizopangwa duara, na sumaku huzizunguka. Hapo ndipo umeme wa pikipiki unapozaliwa. Umeme huo hauna adabu. Injini ikizunguka taratibu, unakuja kwa matone. Ikikimbia, unafurika na kupasua balbu. Kati yake na betri hukaa regulata, mlinzi wa mlangoni, anayekata kilichozidi. Fundi alitafuta regulata kubwa yenye mapezi ya kupoza, akaifunga mbele inapopigwa na upepo. Akang'oa pedi ya joto kwenye kiti cha gari bovu, akaitandika chini ya mayai, akaweka kipimajoto na mita ndogo ya volti juu ya mfuniko. Kisha akaisimamisha pikipiki kwenye stendi, akavuta mafuta hadi injini ikatoa sauti ile aliyoizoea enzi zake za kukimbiza pikipiki. Volti kumi na nne. Akavuta zaidi, mpaka mabati ya karakana yakatetemeka. Kumi na nne na kidogo.

Akamwita mkewe aje aone, akamwambia kwamba hata akienda mbio kama mwizi, hakuna yai litakaloungua.

"Mimi na mbio za mwizi wapi na wapi, mzee?"

Fundi alicheka, lakini hakuzingatia alichoambiwa.

Sasa mtaa ulikuwa umebaki chini yao na ukungu umeifuta njia mbele na nyuma. Miti ilijitokeza mmoja mmoja, ikasimama kidogo kando yao kama watu wanaotaka kuuliza jambo, ikayeyuka. Mkewe aliendesha polepole, akikwepa kila jiwe. Injini ilinong'ona. Fundi aliegemeza paji la uso kwenye mgongo wa mkewe, joto la sanduku likamwingia tumboni, na kwa muda hakujua kama yuko macho au anaota.

Kilichomzindua ni tumbo lake. Lilikuwa limepoa.

Akaisogeza mita karibu na jicho zima. Kumi na mbili. Baadaye kidogo, kumi na moja na nusu. Kipimajoto nacho kilikuwa kinateremka. Akapapasa nyaya moja baada ya nyingine, zote zilishika. Akamwomba mkewe asimame, akaenda kuigusa regulata. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Haikuwa na cha kukata. Siku mbili nzima alikuwa ameogopa wingi; uhaba hakuupigia hesabu.

Akarudi kupanda, akamwambia mkewe aongeze mwendo.

"Kwenye mawe haya? Tutafika na uji wa mayai."

Basi azime taa kubwa, maana nayo inakula umeme. Mkewe akamjibu kwamba bila taa mayai yatafika, wao wenyewe hawatafika.

Wakaendelea. Kipimajoto kiliteremka tena. Fundi akafumba macho, akaisikiliza injini kama alivyozisikiliza injini maisha yake yote, na hapo akaelewa. Walikuwa gia ya nne, katika mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa. Ndivyo alivyomfundisha. Miaka thelathini nyuma alimwambia, tena mbele za watu: panda gia mapema, injini isilie. Kwake yeye injini inayolia ilikuwa aibu, na vijana kadhaa aliwafukuza karakana kwa sababu ya kuiliza. Lakini koili hazijui mwendo wa magurudumu. Zinajua mzunguko wa injini tu.

Akasogea karibu na sikio la mkewe.

"Mama," akasema, "shuka gia ya pili."

"Italia."

"Iache ilie."

"Ni wewe unayesema, au ni ukungu?"

"Ni mimi. Nilikufundisha vizuri kwa petroli. Kwa mayai nilikufundisha vibaya."

"Rudia, sikusikia vizuri."

"Umesikia, mama."

Mgongo wake ukatikisika kwa kicheko, kisha mguu ukakanyaga gia. Magurudumu hayakuongeza mwendo hata kidogo, lakini injini ilipaza sauti, kali na ndefu, ikaujaza ukungu mzima. Mita ikapanda: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Fundi aliusikia ule mlio ukipita kwenye koili, ukitambaa kwenye waya, ukiingia chini ya maganda ukiwa kimya na umegeuka joto. Tumbo lake likapata moto. Mita ikilegea alimgusa mkewe bega la kulia, naye akavuta mafuta. Ikipanda, bega la kushoto. Mahali fulani karibu na kilele mkewe alianza kuimba kwa mguno, akiifuata sauti ya injini, na fundi hakuwa na uhakika tena ni nani anayembeba nani.

Dada mtu aliwapokea mlangoni akisema kwamba aliwasikia tangu bonde la pili, akadhani ni mlevi asiyejua gia. Fundi akamjibu, "Ni mimi niliyeagiza hivyo, shemeji," akapita na sanduku lake.

Mashine ilikuwa imeshapata moto. Mkewe aliyahamisha mayai moja moja, na kila moja alilishika sikioni kwanza. Kwenye la saba alisimama muda mrefu, akaliweka kwenye kiganja cha mumewe. Ndani, kitu kilikuwa kinagonga.

Siku mbili baadaye walitoka vifaranga kumi na sita. Wote wa kijivu, isipokuwa mmoja mweupe pe, ambaye hakuna aliyejua ametokea wapi.