Kofia ya Bichwa

Mwaka ule mabosi wa ghala la nyama walisema kofia ni anasa. Makuli wanaingia chumba cha barafu asubuhi, wanatoka mchana masikio yamekufa ganzi, na bosi aliyevaa koti linalofika magotini anawaambia, bila haya, kwamba kofia ni anasa. Waliosema hivyo wameshasahau. Mabosi husahau upesi kwa sababu siku zote kuna mtu mwingine wa kubeba kumbukumbu kwa niaba yao, tena bure. Kipaza ndiye aliyeibeba. Hakuwahi kusahau hata neno moja alilotamkiwa, na huenda ndiyo maana siku hizi alikula peke yake.

Jina hilo alibandikwa na makuli wenzake kwa ajili ya sauti yake. Akinong'ona uani, ofisini wanafunga madirisha. Walitaka mtu wa kuwasemea, akawasemea. Na kwa kuwa maneno hayapashi masikio moto, akajifunza kufuma. Hakufundishwa na mtu. Alichonga sindano mbili nene kwa mpini wa fagio, akafumua sweta kuukuu la mkewe, akaketi mlangoni anakosea, anafumua, anakosea tena, hadi kitu kikatoka.

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. "Mume wangu, hii ni kofia au kiota?"

Kiota hicho baridi haikukipenya. Kabla mvua hazijaanza kila kuli alikuwa na kofia nene ya kijivu, na mabosi wakaanza kuzichukia kofia hizo kuliko walivyowachukia waliozivaa.

Sasa mke hayupo tena duniani, Kipaza mwenyewe ghala lilimtema zamani, na wale aliowavisha, wakimwona kwa mbali barabarani, wanakumbuka ghafla kwamba shughuli zao ziko upande wa pili.

Aliyebaki kumtembelea ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, mpika chai wa ghala lilelile. Akitoka kazini hupita kumsalimu, husimama tu mlangoni, kwa sababu kiti cha pili kimejaa magazeti.

"Hodi humo, redio mbovu!"

"Karibu, birika lisilo mfuniko."

"Kiti hiki bado kinakaliwa na magazeti? Yanakujibu lakini?"

"Yananidanganya. Ndiyo maana nayasoma kwa sauti, yajisikie."

Jumatano ile shemeji hakucheka. Alitoa furushi la uzi wa sufu kwenye mkoba akaliweka juu ya magazeti. "Bichwa anastaafu Ijumaa. Watu wamesema apewe kofia nene, kama zile za zamani. Nikasema anayezijua ni mmoja tu."

Kipaza aliutazama uzi kama mtu aliyewekewa nyoka mezani. "Akafumiwe na mabosi wake."

"Shemeji, miaka imepita."

"Miaka haikupita getini. Aliyepita getini ni yeye."

Habari ya geti shemeji aliijua kama anavyoijua sukari. Makuli waligoma, wakasimama nje, wakaapa asiingie mtu. Bichwa na Kipaza walikuwa chanda na pete. Ukimwona mmoja, mwingine yuko nyuma anabishana naye. Asubuhi ya pili Bichwa alijitoa kwenye kundi akaingia. Aliingia wa kwanza, kofia aliyofumiwa na Kipaza ikiwa kichwani, na kwa kuwa kichwa kile kilionekana hata ukisimama mwisho wa mtaa, hakuna ambaye hakukiona. Wa pili akafuata, wa tatu akafuata. Jua lilipofika utosini nje alikuwa amebaki mtu mmoja na sauti yake. Mmoja akafukuzwa kazi, mwingine baadaye akafanywa nyapara.

"Sikukuomba umsamehe," shemeji alisema. "Nimekuomba kofia. Kwani kofia ina siasa?"

"Ya kwanza ilikuwa nayo."

"Basi mfumie isiyo nayo." Akaenda zake, uzi akauacha palepale.

Usiku ule Kipaza alilala kaugeuzia uzi mgongo. Asubuhi aliupita mara kadhaa akielekea mahali ambapo hakuwa na shughuli. Kuna jambo ambalo asingelikiri hata kwa kiboko: alikuwa amemkosa Bichwa. Hakukosa urafiki, urafiki ni neno la kwenye kadi. Alikosa mtu wa kumkatalia. Magazeti hayabishi. Kuta hazibishi. Bichwa alikuwa akikubishia mpaka unasahau ulitaka kusema nini. Mguu wa Kipaza ulikuwa umeapa kutokwenda kwa mtu yule. Lakini kofia haikuapa. Kama Bichwa angeivaa, hilo lingekuwa jibu. Kama angeirudisha, basi kiti kiendelee kuwa cha magazeti mpaka mmoja wao azikwe.

Akazitoa sindano uvunguni.

Kipimo hakukihitaji, kichwa kile alikuwa nacho ndani ya kichwa chake. Nywele kama kichaka kisichofyekwa, na chini yake fuvu la mtu aliyezaliwa kwa taabu. Kofia ya kwanza ilikula uzi wa watu wawili, makuli wakasema hiyo ni hema, tuhamie. Kipaza akashika nyuzi mbili kwa pamoja ili kitambaa kiwe kinene, akatunga vitanzi kama vya mwaka ule, bila kupunguza hata kimoja. Akafuma ukingo wa kubana masikio, akapanda, akafika utosini, akapitisha uzi katika vitanzi vyote na kuuvuta hadi tundu likajifunga kama mdomo wa mtu aliyeamua kunyamaza. Akashona mgongoni mwa kofia. Sindano nene hazina maringo. Jua lilikuwa bado dirishani alipokata uzi.

Mwenye kichwa asipokuwepo, mfumaji huipima kofia kwenye goti. Kwa Bichwa goti moja halikutosha. Aliivisha magoti yote mawili, ikaenea, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Asubuhi ya Ijumaa shemeji aliipitia.

Mchana huo Kipaza alinyoa ndevu, na alipojiuliza ananyoa kwa ajili ya nani akakasirika, akaacha upande mmoja haujaisha vizuri. Jioni shemeji alirudi. Mkoba ulikuwa umevimba vilevile.

"Ameikataa," Kipaza akasema kabla ya hodi.

"Hajaikataa. Imemmeza! Tumemvisha mbele ya watu wote, ikateremka mpaka kidevuni. Tukamsikia mle ndani anauliza, 'Nani kazima taa?' Watu wamecheka hadi chai imemwagika."

Kipaza hakucheka. "Nimeifuma kwa kichwa chake."

"Kichwa kipi, shemeji? Nywele zimekwisha zote. Aliugua, akakonda, kimebaki kama yai. Hukusikia?"

Nani angemwambia? Akaichukua kofia, akaigeuza ndani nje, akaigeuza tena, akitafuta vitanzi alivyokosea. Havikuwepo.

"Anauliza," shemeji akasema, sasa bila utani, "akuletee lini kichwa ukipime."

Kupunguza kofia hakuhitaji kichwa. Angeweza kubana pale mgongoni na shemeji akaondoka nayo wakati huohuo. Alijua, na mpika chai naye hakuwa mjinga.

"Mwambie aje kesho. Nitakuwepo."

"Utakuwepo! Kwani huwa unakwenda wapi?"

Kesho yake kiti kilikuwa kitupu. Magazeti yalikuwa yamehamia chini ya kitanda. Bichwa aliingia akishika fremu ya mlango. Alitazama kiti kabla ya kumtazama mwenye nyumba, akaketi. Upara wake uling'aa. Kipaza alimzungushia kamba juu ya masikio, na vidole vyake, ambavyo tangu msiba wa mkewe havikumgusa mtu zaidi ya salamu, vilisita kwenye ngozi ile ya vuguvugu.

"Uliingia getini na kofia yangu," alisema akiwa nyuma yake.

"Niliingia."

"Kwa nini?"

"Nilichoka kusimama."

Kipaza alikuwa na majibu. Alikuwa ameyanoa miaka yote: jibu la rushwa, jibu la vitisho, jibu la mtoto mgonjwa. La kuchoka hakuwa nalo.

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa hunyamazi."

Kipaza alifunga fundo pale kamba ilipokutana. Hata sasa Kipaza alikuwa na la kusema, tena refu, lenye tarehe na mashahidi. Akalimeza.

"Itakuwa tayari lini?" Bichwa akauliza, akijikwamua kitini.

"Uzi huu msumbufu. Njoo Jumamosi ijayo."

Bichwa aliziangalia sindano, nene kama vidole gumba. "Zamani ulikuwa unazifuma haraka."

"Zamani nilikuwa na haraka."

"Jumamosi, basi," alisema mgeni. Hakutoa mkono, wala hakuapa kwamba atakuja. Kiapo chake mara ya mwisho wote wawili walikuwa wanakikumbuka.

Kipaza aliifumua kofia kubwa yote, akakata kamba ikawa kipimo, akatunga vitanzi vichache. Alidhamiria kwenda taratibu, mstari leo, mstari kesho, afike nao Jumamosi. Lakini mikono ya mtu asiye na wa kuzungumza naye haina breki. Jua lilikuwa bado dirishani alipofika utosini, akavuta uzi, akafunga.

Akaivisha goti. Moja tu, na ikakaa sawasawa.

Alikaa hivyo, goti limevaa kofia, mbele yake kiti kitupu. Aliwaza kuyarudisha magazeti mahali pake, yasijikunje kule chini. Akainuka, akayashika, kisha akayaacha palepale chini ya kitanda. Jumamosi ilikuwa mbali sana.