Mzee Kwenye Kiti cha Chini

Tangu aingie yadi ya magari, binti msusi alikuwa amelipenda lile gari dogo jekundu: fupi, limekaa chini, injini inanguruma ukiligusa tu. Pembeni yake lilisimama la kijivu, refu, la watu wenye familia. Mara tatu kwa wiki alikuwa akimpeleka baba yake hospitali kusafishwa damu, na magoti ya mzee huyo, dereva wa lori mstaafu, yalikuwa yamekwisha.

“Usininunulie mimi gari,” alisema baba, aliyekuja naye yadini. “Nunua unalolitaka.”

“Baba, liko chini sana.”

“Nani kakwambia nimekuwa mzigo?”

Akafungua mlango wa lile jekundu, akajitupa ndani. Kutoka ndiko kulikomshinda. Alishika mlango, akajivuta, akarudi kitini puu. Akajaribu tena. Muuzaji akapiga hatua kumsaidia. Msusi akamzuia kwa jicho. Alimjua baba yake: akishikwa mkono mbele za watu, hospitali hakanyagi tena. Akasimama, kucha zimemzama kiganjani.

Mara ya nne mzee alisimama, jasho linamchuruzika.

“Umeona?”

“Nimeona, baba. Nachukua la kijivu. Nalitaka mwenyewe.”

Makaratasi yalipokwisha waliondoka, msusi kwenye usukani, mzee kageukia dirishani. Walipofika njia panda akakohoa.

“Panua kona, mama. Hili lina mkia mrefu.”

Msusi akapanua kona, na roho ikamtulia.