Bwawa la Bondeni kwa Mhina

Tangu kijiji kilipomnyang'anya bonde lake, Mhina hakuitikia tena salamu ya shemeji yake Mwantumu. Bonde lile la Kwamsisi aliachiwa na baba yake, naye alilima humo miwa na magimbi hata kiangazi kikali. Operesheni Vijiji ilipowahamishia watu kwenye nyumba za safu, bonde likawa la wote. Likachimbwa bwawa, na bwana samaki wa serikali akaleta vifaranga vya perege kutoka Korogwe. Akatafutwa mtu wa kuwatunza, na Mwantumu, mjane wa mdogo wake Mhina, akakubali.

"Mume wako angekuwa hai, usingekanyaga hapa," Mhina alimwambia mbele za watu. "Umewasaidia kunizika nikiwa mzima."

Mwantumu hakukubali kazi ile kwa kumkomoa mtu. Alikuwa amemzika mwanawe wa pili, aliyevimba miguu na nywele zikageuka rangi, na mganga wa zahanati alimweleza kuwa mtoto alishiba ugali lakini alikosa nyama, maharage na samaki. Maneno yale yalimkaa rohoni.

Mwaka uliofuata mvua ikagoma. Watu wakala unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ulioletwa na malori, nao haukutosha. Pumba zilizokuwa chakula cha perege zikawa uji wa binadamu. Siku wanawake walipomkuta Mwantumu akirusha konzi ya pumba majini, walimpokonya kikapu, mmoja akamtemea mate miguuni.

Hakurudia. Alizungushia fito pembe moja ya bwawa, akarundika humo mavi ya mbuzi na majani makavu mpaka maji yakawa kijani, na samaki wakawa wanajilisha ukijani ule. Alibomoa vichuguu akawamwagia mchwa. Perege wakanenepa bila kula hata punje ya mtu. Shukrani hakupata. Mhina alipita nyumba kwa nyumba akisema kwamba samaki wale wamelelewa kwa mavi, ni najisi, na Mwislamu asiwatie kinywani. Wengine walimcheka, wengine wakaacha kuteka maji karibu na Mwantumu.

Siku ya kuvua ilipokaribia, Mwantumu alishuka bondeni alfajiri akakuta bwawa limefunikwa na samaki, matumbo juu. Habari zilikwisha kutangulia kijijini, maana watu walikuwa wakiteremka na masufuria na vikapu. Mtu akasema ni utupa, mmea wa kulevya samaki. Hilo halikumtisha yeyote; toka zamani walivua mtoni kwa utupa, na samaki wakaliwa.

Lakini Mwantumu aliona vyura nao wamekufa, hata wadudu wa majini. Akachota maji akayanusa. Harufu ile aliijua kutoka shamba la pamba la kijiji, siku za kupulizia dawa.

Akawaambia watu wasiwaguse samaki. Hawakumsikia. Akaanza kuwapokonya vikapu na kuwakanyagia samaki matopeni, nao wakamgeukia. Alisukumwa, akaanguka, mwiko ukampasua juu ya jicho. Walisema aliwalisha samaki pumba zao, sasa anawanyima na samaki wenyewe. Sadala, mwenyekiti wa kijiji, alifika mbio akawatawanya, lakini naye alimtazama Mwantumu kama mwizi.

Mhina alikuwa amesimama juu ya tuta, mikono nyuma. Mwantumu aliinuka, damu ikimtiririka shavuni.

"Shemeji," alisema, "Chausiku amekwisha pita na sufuria. Nimemwona."

Chausiku alikuwa mke wa mwanawe Mhina, na alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya. Mhina alimtazama Mwantumu kwa chuki ile ile ya kila siku, kisha kitu kikalegea usoni mwake. Akateremka tuta. Mara akaanza kukimbia, mzee yule, kanzu ameikunja mkononi, na watu wote wakimwona.

Watu walimfuata, wakamkuta uani kwake. Alikuwa amelipiga teke sufuria, mchuzi umezima moto, na Chausiku analia akidhani baba mkwe amerukwa na akili.

"Umekula?" alikuwa akimuuliza. "Umeonja hata chumvi?"

Hakuwa ameonja. Hapo hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Waliokuwa na samaki wakawamwaga chini mmoja mmoja. Sadala akamuuliza Mhina dawa aliipata wapi.

"Stoo ya pamba," alisema. "Nilitaka wafe samaki. Watu sikutaka wafe." Kisha akamgeukia Mwantumu. "Na wewe usidhani nimekuomba radhi."

"Sikuihitaji," Mwantumu alisema.

Samaki walizikwa. Baraza lilimwamuru Mhina alikaushe bwawa na kukwangua matope yake yote, kazi iliyomchukua kiangazi kizima peke yake, kwa jembe, kwenye udongo aliouita wa baba yake. Mwantumu alikuwa akija kuangalia, na hawakusemeshana. Mvua ziliporudi Mwantumu alijaza maji, akayaachia yaende zake, akajaza tena, akangoja mpaka vyura wakalia bwawani ndipo akakubali kuletewa vifaranga vingine.

Walipovua, kila kaya ilipata fungu lake. Sadala aliwataka shemeji hao wapeane mikono siku hiyo, mbele ya wote. Mhina aliunyoosha wa kwake nusu. Mwantumu akampita, akampa Chausiku fungu la nyumba ile mkononi, akamwambia mtoto achambuliwe miiba vizuri. Chausiku alisema baadaye kwamba nyumbani walikula wote isipokuwa mzee, aliyechukua ugali wake akaenda kuula uani kwa chumvi.