Glasi Iliyoinama

Glasi ilipozamishwa kifudifudi kwenye beseni la maji, watoto ishirini na wawili walibana pumzi. Mwalimu wa chekechea aliitoa taratibu, akachomoa karatasi aliyokuwa ameishindilia kitakoni, akampa Shahidi aipapase. Ilikuwa kavu. Glasi haikuwa tupu, aliwaambia. Hewa ilikuwa imeketi humo na haikuyapisha maji. Shahidi, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hakukubali jambo bila kuligusa, alicheka mpaka mapengo yakaonekana.

Mlangoni alikuwa amesimama wifi wa mwalimu, mkuu wa shule. Alisema somo limempendeza. Kesho wangekuja wageni wa ukaguzi, naye angelifundisha mwenyewe. Mwalimu ateke maji tu. Somo lile, vishada vya karatasi, mapovu ya mirija, vyote mwalimu alivibuni kwa miaka kumi na moja. Aliitikia kwa kichwa. Dada wa mume hajibiwi ovyo, hasa akiwa ndiye anayekuandikia ripoti.

Kesho yake wifi aliishika glasi upande upande mbele ya wageni. Mwalimu aliona. Ulimi ulimwasha: wima, wifi, ishike wima. Akaumeza. Raha fulani chungu ilimpanda kifuani, naye akaiacha ipande.

Glasi ikagugumia. Karatasi ikatoka imelowa chepechepe.

"Msaidizi wangu hakuishindilia vizuri," wifi aliwaambia wageni, bila kumtazama.

Mwalimu aliingoja raha yake ikomae. Badala yake alimsikia Shahidi akimnong'oneza jirani yake: "Kumbe ilikuwa tupu. Jana alitufanyia kiini macho."

Siku iliyofuata mwalimu aliwakusanya watoto, akawaeleza kwamba glasi ikiinama hewa hupata upenyo, ikatoroka kwa mapovu. Hakusema nani aliiinamisha, wala nani aliona akanyamaza. Kisha akaitosa wima. Karatasi ikatoka kavu kabisa. Watoto walipiga makofi, maana umri wao haukinyimi kitu makofi. Shahidi alisogea, akaipapasa karatasi pande zote mbili, akachungulia ndani ya glasi. Alipoinua macho hayakuwa na ujeuri. Yalikuwa na upole wa mtu aliyekwisha kusamehe.

"Mwalimu, ile iliyolowa umeificha wapi?"

Mwalimu akafungua viganja vyote viwili, akamwonyesha. Shahidi akatazama mikono ya gauni la mwalimu.