Sikio la Pili

Siku Mama Gentille aliponiambia kwamba mashine yake ya kusaga itapata sikio la pili, nilinuna kabla hajamaliza kusema. Miaka kumi na tisa hapa Rwambuzi kazi yangu ni kumimina mihogo na kusikiliza. Chuma kikilia vibaya, ninazima injini kabla hakijavunjika. Sasa kijidude kikisikiliza, mimi nitakula wapi?

Kililetwa na mpwa wake, Ketsia, anayesomea elektroniki. Kidogo kama kiberiti, kinatumia betri ya saa, na kina taa moja nyekundu.

"Zingine zinafundishwa mbali, zinaomba connexion ya internet," alinieleza. "Hii iko najifunza hapa hapa. Inaiga bongo ya mutu: kama hakuna mupya, inalala, sauti ikibadilika, njo inaamuka. Siku saba itazoea mashini. Kisha, ikisikia mambo haijui, itawasha taa."

"Na miye?"

Akaanza kukifunga kando ya injini.

Siku zile saba nilifanya kazi kwa hasira, nikigonga kinywa cha mashine kwa ubao ili mihogo ishuke, kama ninavyogonga siku zote. Ya nane nikaenda Gety kwenye matanga ya shemeji yangu, nikiwa na hakika kwamba kazi imekwisha.

Niliporudi baada ya siku tatu, mashine ilikuwa imezimwa na wamama wamekalia mifuko yao. Mama Gentille, aliyesaga mwenyewe nilipokuwa Gety, alikuwa na uso wa mtu anayeumwa jino. Taa ilikuwa ikiwaka tangu nilipoondoka. Fundi alifungua injini yote, hakuona kosa.

Niliwasha injini, nikamimina mihogo, nikachukua ubao wangu. Ko, ko. Taa ikazimika.

Ketsia alicheka mpaka akakaa chini. "Tantine, ilijifunza mashini pamoja na Papa Hippolyte. Kama hagonge, inafikiri mashini iko mugonjwa."

"Tunaweza kuifundisha tena bila yeye?" Mama Gentille akamuuliza.

"Ndiyo, tantine. Siku saba tu."

Mama Gentille aliwatazama wamama waliokuwa wakingoja.

"Hapana," akasema. "Taa imesema siku tatu kuko shida. Muzee njo amejua ni shida gani. Abakie."

Sioni haya kusema kwamba nilifurahi. Machozi yalinilenga, nikasingizia unga.

Kesho yake nilimwomba Ketsia anionyeshe kitufe cha kukifundishia kijidude sauti za hatari. Mkanda wa mashine huwa na mlio fulani siku mbili kabla ya kukatika. Mara nyingi Mama Gentille ameniuliza ninajuaje, nami nikamjibu kwamba ni kipaji. Kweli ni kwamba niliogopa: siku nitakaposema, watanihitaji kwa nini?

Asubuhi ile nilifunga mkanda uliochakaa, nikawasha injini, nikabonyeza kitufe, nikamwita Mama Gentille.

"Mama, karibia. Sikiliza na weye."