Kipepeo wa Awadhi na Asumini Yangu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nakiri mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine.

Mwaka hamsini na nne nilipanga chumba Mtaa wa Msimbazi, nyumba moja na Zamzam, binti wa mwenye nyumba. Kazi yake ilikuwa kutunga vikuba vya asumini vya maharusi. Kazi yangu, ukiacha kuuza vitunguu Kariakoo, ilikuwa kumtazama. Nilikwisha tafuta hadi mshenga wa kupeleka posa. Ndipo Awadhi, kijana wa mtaani aliyemtaka pia, akamletea kipepeo.

Awadhi alikuwa akimkamatia vipepeo Mzungu mmoja. Kipepeo huyu alikuwa mweusi mwenye madoa ya manjano, wale wa kwenye midimu, kachomwa pini ndani ya kisanduku cha kioo. Zamzam akamtundika barazani. Kila nikipita, naona kile kioo kinanicheka.

"Kipepeo ana nini?" nikamkabili Awadhi. "Harufu hana. Kutulia hajui: asubuhi yuko mdimu huu, mchana yuko kwa jirani. Asumini haihami ilipopandwa, na hata ukifumba macho unajua ipo."

"Wangu rangi haichujuki, bwana Ramadhan. Lete hiyo asumini yako tuione."

Kesho yake nikaenda Upanga, kwenye bustani moja ya asumini. Mtunza bustani akanionyesha vitumba. "Hivi huchumwa jioni," akasema, "vikachanua vikiwa vimeshatungwa."

Nikajua ananipunja. Mimi mtu wa Tunduru, kwetu tunachuma tumbaku, nani anifundishe kuchuma? Nikachagua maua yaliyochanua pwaa, jua la saa nne, nikayafunga kwenye leso, leso nikaibana kwapani.

Alasiri nikamfungulia Zamzam mbele ya baraza zima. Lahaula! Kahawia tupu, kama majani ya chai yaliyokwisha chujwa. Awadhi alicheka mpaka akamwaga kahawa.

"Harufu si ipo?" nikang'ang'ana. "Kipepeo wako ananuka dawa!"

"Afadhali dawa kuliko kwapa!"

"Basi Zamzam aamue mwenyewe. Ua au kipepeo? Mimi au huyu?"

Zamzam akakishusha kile kisanduku, akakiweka juu ya leso yangu, akatusukumia vyote viwili.

"Huyu kaniletea maiti ya pini, wewe maiti ya jua. Hivi nyie mmekuja kuposa au kuzika?"